Mstari wa Kisima cha Abilahi

Jumamosi ile, ya pili tangu kazi ianze, zamu ya kupima visima ilikuwa ya Emerensiana na Naima. Walitoka mapema, kabla jua halijawa kali, wakiwa na ndoo ndogo, daftari la klabu na kitu chembamba kinachofanana na kalamu. Kalamu ile haikuandika. Ilikuwa mita ya kupimia chumvi, mali ya Klabu ya Sayansi ya shule yao, na Mwalimu Cletus alishawaonya kwamba atakayeitumbukiza kisimani basi ajiandae kuifuata huko huko.

Mtaa wa Mchangani, ukingoni mwa Mitwero karibu na bahari, ulikuwa na visima vinne. Kila wiki wanaklabu wawili walivizungukia vyote. Mmoja alichota maji, mwingine akachovya mita, namba ikatokea, ikaandikwa daftarini. Namba ikiwa chini ya elfu moja, maji ni mazuri. Ikivuka elfu moja na mia tano, hayo si maji ya kunywa kila siku, hasa kwa mama mjamzito au mtu mwenye shinikizo la damu.

"Sasa tunakuja kwenye maji matamu kuliko yote," Naima alisema walipofika kisima cha tatu.

"Kila mtu kisima chake ndicho kitamu," Emerensiana alimtania. "Hata mwenye maji ya magadi atasema hivyo hivyo."

Naima alicheka, lakini alivua kandambili kabla ya kusogea ukingoni, kama walivyofanya watu wote wa kwao. Kisima kile kiliitwa kisima cha Abilahi. Babu yake Naima alipofariki, wanawe walikichimba kiwe sadaka kwa jina lake, ili kila atakayechota, awe Mwislamu au Mkristo, mwenyeji au mpita njia, thawabu zimfikie marehemu. Hakuna aliyewahi kukatazwa maji pale. Kila alfajiri mtu wa familia ile alifagia mahali hapo, na siku ambayo hapakufagiwa, majirani walijua kuna mgonjwa.

Kisima cha nne kilikuwa cha zahanati. Hicho kilikuwa na pampu na bomba, na watu walikiamini sana kwa sababu hiyo tu. Maji yakitoka bombani, nani atayatilia shaka?

Kazi ya kupima ilikuwa ya wote kumi na wawili wa klabu. Lakini Mwalimu Cletus alitaka namba zile zichorwe, zionekane kwa mistari, maana watu wengi hawana subira ya kusoma namba.

"Nani ataandika programu ya kuchora grafu?" aliuliza siku moja katika chumba cha kompyuta.

Emerensiana alinyoosha mkono kabla hajafikiri. Alikuwa wa kwanza darasani katika hisabati, na mkono wake ulishazoea kwenda juu wenyewe.

Alijaribu wiki mbili nzima. Kompyuta ilimrudishia makosa tu, mistari na mistari ya makosa. Angeweza kwenda kwa mwalimu akasema, "Nimeshindwa." Neno hilo lilikuwa dogo lakini hakulisema. Badala yake alimpigia kaka yake Jerome, mtoto wa mama yake mkubwa, aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Jerome hakuwa mchoyo. Siku tatu baadaye alituma programu nzima kwenye simu ya mama, na Emerensiana akaihamishia kwenye flashi.

Juu kabisa ya programu ile palikuwa na mistari kama kumi ya maelezo, ile ambayo kompyuta huiruka na binadamu huisoma. Mstari wa kwanza uliandikwa: *Programu hii imeandikwa na Jerome kwa ajili ya mdogo wake Emerensiana.* Emerensiana hakusoma wa pili wala wa tatu. Aliona jina la Jerome tu. Aliyavuta maelezo yote kwa kipanya, yakawa ya bluu, akabonyeza kitufe cha kufuta. Yakatoweka.

"Umeandika mwenyewe?" Mwalimu Cletus aliuliza wiki ya sita, aliposimama nyuma yake na kuona dirisha jeusi likifunguka kwenye skrini na mistari minne ya rangi ikijichora, mmoja kwa kila kisima.

"Ndiyo, mwalimu."

Darasa lilimpigia makofi. Naima alipiga kuliko wote, akasema kwa sauti, "Eme wetu huyo!" Emerensiana alitabasamu, ila hakugeuka kumtazama.

Wiki ya kumi upimaji ulikwisha. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Huseni, aliitisha mkutano Jumamosi ya pili yake. Mtaa ulitaka kujua kisima kipi kina chumvi, kifungwe, na watu wake waelekezwe kwingine. Uwanja wa ofisi ya mtaa haukuwa na umeme, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kompyuta wala projekta.

"Leteni karatasi," alisema Mzee Huseni. "Kubwa, ionekane. Tutaibandika ukutani."

Jumatano Emerensiana alikaa mbele ya kompyuta, Mwalimu Cletus pembeni yake ameinamia printa iliyoletwa kutoka ofisini, akiiunganisha. Aliingiza namba zote za wiki kumi. Dirisha jeusi lilifunguka, mistari ikajichora vizuri. Akaamuru ichapwe. Printa iliguna, ikavuta karatasi na kuitoa upande wa pili.

Karatasi ilikuwa nyeupe pe! Hapakuwa na mstari hata mmoja, wala nukta.

Alijaribu tena, ikatoka nyeupe. Mara ya tatu ikawa vivyo hivyo.

Mwalimu Cletus aliigeuza karatasi huku na huku, akacheka. "Basi hii ndiyo tofauti ya skrini na karatasi. Wewe mwandishi unajua ulifunguaje dirisha lako. Ulikiambia nini kifaa?"

Emerensiana alihisi masikio yakimwaka. Hakujua maana ya swali lenyewe. Kifaa gani? Kuambiwa nini?

"Nimeshaona tatizo, mwalimu," alisema haraka. "Ni dogo tu."

"Una hakika? Nipo hapa mpaka kesho jioni, kisha naenda semina Mingoyo. Nitarudi Jumamosi moja kwa moja mkutanoni. Ukikwama niite, tukae wote nusu saa."

"Sitakwama, mwalimu."

Lakini alikuwa ameshakwama, tena hadi shingoni. Alimpigia Jerome mara tano jioni ile. Simu haikupatikana. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchicha uani, alimtazama.

"Jerome yuko Liwale ndani huko, mafunzo kwa vitendo. Dada yangu alisema mtandao hakuna mpaka Jumatatu. Unamtakia nini?"

"Nilitaka kumsalimia."

"Mara tano?"

Emerensiana alimrudishia simu, akaingia ndani. Alhamisi alikaa na programu ile saa mbili nzima baada ya masomo. Aliisoma kutoka juu mpaka chini, na ilikuwa sawa na kusoma barua ya mtu mwingine kwa lugha ya watu wengine. Mahali fulani palikuwa na namba 1 peke yake, haina maelezo. Aliogopa kuigusa. Je, akiharibu hata hicho kidogo kinachoonekana kwenye skrini?

Kupitia dirisha lenye nondo alimwona Mwalimu Cletus akifunga mkoba wake kwenye pikipiki ya bodaboda. Mwalimu alimpungia mkono, akanyoosha kidole gumba kuuliza, *safi?* Emerensiana naye alinyoosha kidole gumba. Pikipiki ikaondoka. Alitamani kupiga kelele aisimamishe, lakini kelele zenyewe zingesema nini? Mwalimu, nimekwama, kwa sababu programu si yangu, kwa sababu nilikudanganya. Kila neno la kweli lilikuwa limefungwa kwenye neno jingine, na ukivuta moja yote yanakuja.

Ijumaa alipata akili, au alidhani ni akili. Aliomba funguo, akajifungia chumba cha kompyuta saa ya mapumziko marefu, wenzake wakiwa uwanjani. Alifungua grafu, akachukua karatasi nyepesi, akaibandika juu ya skrini kwa gundi ya utepe. Mwanga wa skrini ulipenya. Mistari ilionekana kwa chini, hafifu, kijani na bluu zikifanana kama ndugu pacha. Akaanza kuifuatisha kwa penseli.

Jasho lilimtoka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya sita mistari miwili ilikutana na kupishana, akaifuata, akaendelea mpaka ya kumi. Alikuwa ndiyo kwanza amalize mstari wa mwisho, umeme ukakatika. Skrini ikawa giza. Alibaki na karatasi yake na kengele ya kurudi darasani. Majina ya visima aliyaandika kwa kukumbuka, akiangalia mistari ilikoanzia upande wa kushoto. Nyumbani akaipitisha kwa rula na kalamu nyeusi kwenye karatasi kubwa ya manila, ikapendeza sana. Mtu angeapa ni kazi ya mashine.

Usiku hakulala vizuri. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Grafu ni ile ile, si imetoka kwenye kompyuta? Tofauti ni mkono tu.

Jumamosi saa nne uwanja wa ofisi ya mtaa ulikuwa umejaa. Wanawake walikalia mikeka, wanaume viti na magogo, watoto walikaa popote. Mzee Huseni aliibandika karatasi ukutani mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama na kuguna.

"Ndugu zangu," alisema, "leo hatubishani kwa mdomo. Kompyuta ya shule imechora, na kompyuta haina mjomba wala shangazi mtaani hapa. Tazameni wenyewe. Mistari mitatu iko chini. Mmoja huu umepanda kama mtu anayekwea mnazi. Mstari huo ni wa kisima cha Abilahi."

Watu wote walimgeukia Mzee Mudathiri, baba yake mkubwa Naima, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akibadilisha kamba na ndoo za kisima kile. Mzee huyo alisimama polepole.

"Mwenyekiti, sisi hatubishani na elimu," alisema. "Kama kisima cha marehemu baba kinawaumiza watu, basi kifukiwe leo hii. Sadaka haiwi sadaka ikidhuru." Aliitazama karatasi ukutani. "Ninachoomba ni kujua tu. Tangu lini? Nani kati ya waliokunywa pale ameugua, tumwombe radhi?"

"Mwanafunzi aliyechora yupo," alisema Mzee Huseni. "Emerensiana, mwanangu, njoo umweleze mzee."

Miguu yake ilimfikisha mbele, yeye mwenyewe hakujua vipi. Naima alikuwa ameketi mkekani karibu na mama yake. Hakumtazama mtu. Alikuwa analia kimya kimya, ncha ya mtandio ikiwa mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nioneshe kilianza lini."

Emerensiana aliweka kidole kwenye mwisho wa mstari, juu kule, akaanza kurudi nao nyuma. Wiki ya kumi, ya tisa, ya nane, ya saba. Wiki ya sita kidole kilisimama.

Pale mstari ulikata kona. Ulikuja umeshuka taratibu, ukakutana na mwenzake, halafu ghafla ukageuka kupanda. Na yule mwenzake, aliyekuwa akipanda, akageuka ghafla kushuka. Kana kwamba mistari ile iligongana ikarudishana. Lakini kwenye skrini haikugongana. Ilipishana! Aliiona mwenyewe, imekatana kama mkasi uliofunguliwa. Chini ya karatasi, kijani na bluu zikiwa hafifu, penseli yake ilikuwa imeacha mstari mmoja na kudandia mwingine.

Daftari la klabu lilikuwa kwenye mkoba wake. Alilifungua. Wiki ya kumi, kisima cha Abilahi: mia sita na kumi. Kisima cha zahanati: elfu moja mia tisa na arobaini.

Alilifunga upesi.

Hakuna mtu mwingine pale aliyejua. Wapimaji walibadilishana kila wiki, waliopima wiki za mwisho hawakuwapo mkutanoni, na aliyeona namba zote pamoja ni yeye tu. Nyuma ya umati aliona bodaboda ikisimama, Mwalimu Cletus akishuka na mkoba wake. Akisema kwamba mstari umekosewa, ataulizwa kwa nini. Kwa sababu ulichorwa kwa mkono. Kwa nini kwa mkono? Kwa sababu printa ilitoa karatasi tupu. Mbona hukuirekebisha, si wewe uliyeandika? Kila mlango aliouwaza ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake, na wa mwisho ulikuwa na jina la Jerome alilolifuta.

"Amepigwa na butwaa mtoto," alisema Mzee Huseni kwa upole. "Tusimwonee. Karatasi inajieleza. Basi tuamue. Kisima cha Abilahi kifukiwe, na watu wake wote waende bomba la zahanati kuanzia kesho. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kupanda, mmoja mmoja, kwa uzito. Mkono wa Mzee Mudathiri ulikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Mama mmoja mjamzito, aliyekuwa na ndoo ya njano miguuni, naye alinyoosha wake. Alikuwa anachota kwa Abilahi. Kesho angechota zahanati, maji ya elfu moja mia tisa na arobaini, anywe, ampe na mtoto tumboni.

"Hapana!" Emerensiana alisema.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mikono ilisimama hewani.

"Kisima cha Abilahi hakina kosa. Kosa ni langu mimi." Machozi yalimjaa lakini hakuyaruhusu yamzuie. "Mstari huu nimeukosea. Kompyuta haikuchora hii karatasi, nimeichora mimi kwa penseli juu ya skrini, nikachanganya mistari miwili. Kilichopanda ni kisima cha zahanati. Namba za kweli hizi hapa."

Alimpa Mzee Huseni daftari. Manung'uniko yalivuma uwanjani. Mtu mmoja aliuliza kwa hasira, "Watoto wanatuchezea? Mara kompyuta, mara penseli!"

"Kwa nini uchore kwa penseli, mwanangu?" Mzee Huseni aliuliza. "Mlituambia mna programu."

Emerensiana alimtazama Mwalimu Cletus, ambaye sasa alikuwa amesogea hadi mbele. Ilibaki hatua moja tu, na ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

"Programu si yangu," alisema. "Ni ya kaka yangu Jerome. Nilifuta jina lake nikasema ni yangu. Ilipokataa kuchapa, sikuweza kuirekebisha, na niliona haya kuuliza."

Mwalimu Cletus alichukua daftari kutoka kwa mwenyekiti, akasoma namba kwa sauti, kisima kwa kisima, wiki kwa wiki, mpaka hata mtoto mdogo aliyekuwapo akaelewa. Aliposoma namba ya mwisho ya zahanati, yule mama mjamzito alishusha mkono wake na kuuweka tumboni.

"Pampu inavuta kwa nguvu mno," mwalimu alieleza. "Maji matamu yakiisha chini, ya bahari yanaingia. Na kwa kuwa chumvi iliongezeka kidogo kidogo, ulimi ulizoea. Ndiyo maana tulipima kwa mita."

Mkutano uliamua pampu ya zahanati ipumzike, wagonjwa wachotewe maji kwa Abilahi, na mwenyekiti apeleke habari kwa watu wa maji mjini Lindi. Wao watataka grafu, na safari hii iwe imechapwa. Shule ikapewa wiki moja.

Naima aliondoka na mama yake bila kugeuka nyuma. Hilo lilimuuma Emerensiana kuliko manung'uniko ya uwanja mzima.

Jumatatu Jerome alipatikana. Emerensiana alimweleza kila kitu.

"Lakini Eme," Jerome alisema, "si nilikuandikia yote pale juu? Hukusoma?"

Alituma programu upya. Katika chumba cha kompyuta, Mwalimu Cletus akiwa kando, Emerensiana aliyasoma maelezo aliyoyafuta, mstari kwa mstari. Chini ya jina la Jerome yaliandikwa hivi: *Programu hufungua dirisha la kuchorea kwenye kifaa unachokitaja. Namba 1 ni skrini, namba 2 ni projekta, namba 3 ni karatasi. Skrini ina rangi nyeusi nyuma, kwa hiyo mistari ni ya mwanga. Karatasi ni nyeupe: ukichagua 3, fanya mistari iwe myeusi, la sivyo haitaonekana. Funga dirisha la kwanza kabla ya kufungua lingine.*

Emerensiana aliweka kichwa mezani.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Muda wote ilikuwa hapa."

"Ilikuwa hapo," mwalimu alikubali. "Sasa inua kichwa. Kazi bado."

Alibadilisha 1 kuwa 3. Akabadilisha rangi ya mistari. Akabonyeza. Printa haikuguna hata kidogo.

"Mwalimu, imegoma tena!"

"Soma sentensi ya mwisho."

Aliisoma, akatazama skrini. Dirisha la kwanza, lile jeusi, bado lilikuwa wazi nyuma ya mengine. Akalifunga, akabonyeza tena. Printa iliguna, ikavuta karatasi, na safari hii mistari ilitoka. Ila yote minne ilikuwa myeusi, imefanana, na wa Abilahi haukutofautishika na wa zahanati.

Mwalimu alisubiri. Emerensiana alikodolea macho mahali pale pa wiki ya sita ambapo mistari ilipishana. Alijua sasa kwamba hapo ndipo mtu hupotea.

"Sijui la kufanya, mwalimu," alisema. "Nisaidie."

Mwalimu Cletus alivuta kiti. "Neno hilo nimelisubiri tangu Jumatano iliyopita. Printa yetu haina rangi, kwa hiyo tunatofautisha kwa aina ya mstari. Mmoja mzima, mmoja wa nukta, mmoja wa vistari vifupi, mmoja mnene. Hilo Jerome hakuliandika. Utaliandika wewe."

Iliwachukua dakika ishirini na tano. Emerensiana alikosea mara nne, na kila mara aliuliza. Karatasi ya mwisho ilipotoka, hata mtu anayeona kwa shida angejua mstari upi ni wa nani. Mwalimu aliishika juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaiweka chini na kumtazama mwanafunzi wake.

"Kutumia kazi ya mwenzako si kosa, Emerensiana. Mimi mwenyewe nusu ya programu zangu zimeanzia kwa watu wengine. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda hutajwa. Kosa lako lilikuwa kumfuta. Ulipolifuta jina lake ulifuta na maelezo, ukabaki na chombo usichojua kukiendesha. Halafu uliogopa kusema hujui. Mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo kingeweza kuwa cha mtu mwingine, asiyejua hata kompyuta ni nini. Kusema sijui kungekugharimu nusu saa na haya kidogo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mbele ya mkutano ulisema kweli wakati hakuna aliyekuwa akikulazimisha. Hilo nalo nimeliona. Sasa andika majina."

Chini ya grafu Emerensiana aliandika: *Programu: Jerome. Vipimo: wanaklabu kumi na wawili. Mistari ya karatasi: Emerensiana, kwa msaada wa Mwalimu Cletus.* Kisha akachapa nakala ya pili.

Nakala ile aliipeleka mwenyewe jioni kisimani kwa Abilahi. Alivua ndala kabla ya kusogea ukingoni. Naima alikuwa pale akichota, na Mzee Mudathiri alikuwa akifunga kamba mpya.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta ya kweli. Na nimekuja kuomba radhi. Naima, nisamehe."

Mzee alipokea karatasi, akaikunjua, akaufuata kwa kidole mstari mnene, ule wa kisima chao, tangu wiki ya kwanza mpaka ya kumi. Ulipita wiki ya sita bila kukata kona.

"Tumeshasamehe, mwanangu," alisema. "Marehemu hakuwahi kumfukuza mtu hapa."

Naima alivuta kamba, ndoo ikapanda. Akajaza kikombe cha bati, akakishika muda kana kwamba anafikiri, kisha akamnyooshea rafiki yake.

"Kunywa," alisema. "Halafu uniambie kama ni matamu. Na usidanganye."

Emerensiana alikunywa chote. "Ni matamu," alisema, na Naima akajaza kikombe cha pili.